Amana Iliyofungwa Katika Diski



Ulikuwa ni mwezi wa pili tangu alipofariki kaka yetu mkubwa wa Kisarawe, nasi tungali na huzuni yake, shemeji yetu alipotupigia simu maneno yaliyotuondolea usingizi. Alisema: "Shemeji, huku watu hawakatiki mlangoni. Mmoja anasema alikuwa akimdai marehemu, mwingine anasema aliweka fedha zake kwake. Daftari limeliwa na mchwa, na kompyuta yake haiwaki. Mimi nimo edani, siwezi kutoka nikatafuta fundi. Njoo uichukue wewe, marehemu asilale na haki za watu."

Kwa mtu ajuaye uzito wa deni la maiti, maneno hayo hayahitaji sherehe. Wasomaji wetu wanafahamu ya kuwa mali ya marehemu haigawanywi mpaka aondolewe gharama za maziko yake, kisha yalipwe madeni yake, kisha wasia wake utimizwe. Ndipo warithi washike mafungu yao. Na vijana wa marehemu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza ni lini duka litagawanywa. Hatukuwalaumu, kwani nao wana watoto na kodi za nyumba. Lakini yule asiyejua deni ni kiasi gani, atagawa nini?

Yafaa tueleze biashara yake ilivyokuwa. Marehemu aliuza vifaa vya ujenzi: saruji, misumari, mbao na mabati. Wateja wake wengi hawakuwa watu wa kutoa fedha zote kwa mara moja. Walikuwa wakulima wa mihogo na mananasi, akina mama wauza maandazi, na vibarua. Walidunduliza. Leo mtu ataleta shilingi elfu kumi, baada ya wiki tatu ataleta elfu ishirini, hata itimie bei ya mabati yake; naye marehemu huandika. Kwanza aliandika katika daftari, baadaye akajifunza kompyuta, akawa anahamishia hesabu zote humo kila jioni baada ya Isha. Tulikuwa tukimtania kwamba amekuwa karani uzeeni, naye alikuwa akicheka tu.

Basi tuliondoka Kibaha asubuhi, tukashuka kwa Barabara ya Morogoro hata Dar es Salaam, kisha tukapanda tena kupitia Gongo la Mboto na Pugu mpaka vilimani Kisarawe. Tulipofika tulimkuta barazani bibi mmoja mzee, aliyekuwa ametoka upande wa Masaki. Alidai ya kwamba amekwisha kutimiza bei ya mabati ishirini, na kwamba mabati yenyewe hajapewa. Risiti hana. Shahidi hana. Mmoja wa watoto wa marehemu alitunong'oneza: "Baba mdogo, wa namna hii wamekwisha kuja watano. Tukimwamini kila mmoja, duka litakwisha." Bibi yule, ingawa hakuyasikia maneno, aliujua uso. Akajifunika vema ushungi wake, akasema: "Mimi sikuja kuomba. Yeye aliandika. Tazameni alipoandika."

Maneno hayo tuliyachukua pamoja na kompyuta.

Ilikuwa ni kompyuta ya mezani ya zamani, ya kama mwaka 2005. Umeme ulikuwa umekatika usiku mmoja na kurudi kwa nguvu, na tangu hapo haikuwaka tena. Tuliifungua kasha, tukaikuta ile diski ngumu ambayo mafundi huiita hadi diski, kisanduku cha chuma kama kitabu kidogo, imeandikwa GB 40. Tukaichomoa, tukaikunja katika kitambaa, tukaipakata mapajani ndani ya daladala kama mtu apakatavyo mayai.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea alikuwa mjini Dar es Salaam. Aliiunga na vyombo vyake, akatazama kioo, na hata robo saa haikutimia akatuambia imekufa, kompyuta haiioni. Akaongeza ya kuwa akibahatika kuiamsha ataipiga fomati ili ipate kutumika tena. Sisi kwa ujinga wetu tulikaribia kumshukuru na kumwachia. Hatukujua wakati ule ya kuwa kufomati ni kuiandaa diski ianze maisha mapya, kana kwamba hapana neno lililowahi kuandikwa humo. Lililotuokoa ni kwamba hatukuwa na fedha aliyoitaka, tukarudi Kibaha na mzigo wetu.

Mji wa Kibaha umezoea mambo ya elimu tangu nchi za Nordic zilipoanza mradi wao hapo mwaka 1963, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, wala si kazi kumpata mtaani mtu aliyesoma. Jirani yetu anaye kijana afundishaye kompyuta katika shule ya sekondari. Alikuja baada ya Magharibi, akatuamkia, akaisikiliza habari yote, kisha akasema: "Mzee wangu, kompyuta ikisema haiioni diski, haijasema kwamba ndani hamna kitu. Imesema tu kwamba hawajaonana. Tutafute kwanza ni kwa nini hawajaonana."

Tunataka kuwaeleza wasomaji yale tuliyojifunza usiku ule, kwa kuwa nyumba nyingi za Waislamu leo zina diski za namna hii kabatini, zenye picha za wazee, mawaidha ya mashekhe waliokwisha kutangulia, na hesabu za watu.

Ndani ya kisanduku kile mna sahani moja au zaidi, nyororo kama kioo, zilizopakwa utando wenye sumaku. Sahani hizo huzunguka kwa kasi, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika moja. Juu yake hupita mkono mdogo wenye kichwa kisomacho alama za sumaku. Kichwa hicho hakigusi sahani. Huelea juu ya hewa kwa umbali ulio mdogo kuliko hata punje ya moshi. Ndiyo sababu diski haifai kufunguliwa nyumbani, kwani vumbi lisiloonekana kwa macho lingekuwa kama jiwe kubwa njiani mwake. Chombo hiki hakikuanza kikiwa kidogo. Ile ya kwanza ya kampuni ya IBM ya Marekani, ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wake inchi 24, nayo ilichukua herufi milioni 5 tu. Diski ya marehemu, iliyoingia katika kiganja, ilikuwa na nafasi ya mara elfu nane ya hiyo.

Kijana yule alituambia ya kwamba diski isiyoonekana huulizwa kwa masikio kabla ya macho. Ukiipa umeme, sikiliza.

Ikiwa kimya kabisa, wala huhisi mtetemo, basi huenda haikupata umeme wa kutosha. Diski kubwa za kompyuta za mezani zataka umeme wa aina mbili, volti 5 na volti 12, wala tundu la USB peke yake halitoi volti 12. Lazima iwe na chombo chake cha umeme. Watu wengi wametupa diski nzima iliyokuwa na njaa tu. Na kama umeme wahakikiwa kufika na bado iko kimya, yaweza kuwa bamba lake la chini limeungua, na hiyo ni kazi ya mtaalamu.

Ikiwa inazunguka kwa sauti laini, lakini kompyuta haiioni, basi shuku waya, sindano na mipangilio. Hapo ndipo penye matumaini makubwa.

Ikiwa inagonga, ta-ta-ta, kama mtu abishaye hodi asiyefunguliwa, izime mara moja. Huo ni mlio wa kichwa kisichopata njia yake, na kila dakika unayoiacha ikigonga yaweza kukwangua yaliyobaki. Diski hiyo apewe mwenye vyombo maalumu na chumba kisicho na vumbi. Wala usiiweke katika friji kama wasemavyo wengi, kwani katika hewa yetu ya Pwani, itokapo tu katika baridi, itatoka jasho ndani na nje, na maji na sahani hizo hayapatani.

Na ikiwa kompyuta inaiona kwa jina lakini haiwezi kufungua yaliyomo, basi mwili ni mzima, na maradhi yako katika maandishi.

Diski yetu ilipopewa umeme ilizunguka kwa sauti laini. Kijana akatabasamu.

Ilikuwa ya aina ya zamani iitwayo IDE, inayotumia utepe mpana wa waya na sindano 40, ambazo moja ya katikati huachwa makusudi isiwepo ili mtu asichomeke upande usio wake. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, basi tulitumia adapta ya kuiunganisha na USB, ambayo huuzwa Kariakoo. Tukachomeka, haikuonekana. Akachomoa, akamulika sindano kwa tochi ya simu. Moja ilikuwa imelala ubavu. Hatukuwa na haja ya kuuliza nani aliyeipinda. Tulikumbuka vema jinsi tulivyouvuta ule utepe kwa pupa kule Kisarawe. Akainyosha kwa kibano, taratibu, asije akaivunja. Tukachomeka tena, haikuonekana.

Tukaanza kukata tamaa. Yeye akageuza diski akasoma karatasi iliyobandikwa mgongoni, ambayo fundi wa kwanza hakuisoma, wala sisi. Palikuwa na mchoro wa kipande kidogo kinachoitwa jampa, kisichozidi punje ya mchele, kinachovishwa sindano mbili fulani. Katika mtindo ule wa zamani vyombo viwili vilishirikiana utepe mmoja, na jampa ndiyo iliyosema yupi ni wa kwanza, yaani masta, na yupi ni wa pili, yaani slevu. Katika kompyuta ya marehemu nafasi ya kwanza ilishikwa na kisoma CD, na diski ikawekwa ya pili. Sasa ilikuwa peke yake, na adapta yetu yataka iliyo ya kwanza; nayo ilikuwa ikimngoja wa kwanza ambaye hayupo. Akaihamisha ile jampa, akachomeka kwa mara ya tatu. Kompyuta ikalia kwa mlio wake wa kupokea mgeni.

Furaha yetu haikudumu. Kioo kilituandikia ya kuwa diski hii yapasa kufomatiwa kabla ya kutumika, na chini yake pana kitufe cha kukubali. Mkono wetu ulikuwa umekwisha kuelekea huko, kwani tulidhani mashine yajua zaidi yetu. Kijana akautangulia, akabonyeza cha kukataa. Akasema: "Mzee, hapa ndipo watu wanapozika mali zao kwa mikono yao." Mashine iulizapo hivyo haina nia mbaya, imeshindwa kusoma ukurasa wa kwanza, basi yadhani ni daftari tupu. Jibu ni kukataa, na kutoandika neno lo lote juu ya diski ile.

Akafanya jambo ambalo tunalisifu mpaka leo. Hakujaribu kuitengeneza. Alianza kwa kuinakili yote, tangu mwanzo hata mwisho, kuiweka katika diski mpya kubwa, kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo hutolewa bure. Programu hiyo ina busara ya mzee: huchukua kwanza yaliyo mepesi, na mahali pabovu hupaacha, kisha hurudia pale baadaye kidogo kidogo. Tuliianza baada ya Isha. Tulipoamka kwa ajili ya Alfajiri ilikuwa imemaliza, isipokuwa vipande vichache vilivyokataa. Kisha diski ya marehemu ikazimwa na kuwekwa kando, na kazi yote ikafanywa juu ya nakala.

Ugonjwa ulikuwa pale pale penye ukurasa wa kwanza. Na hapa tulijifunza jambo la ajabu. Mtindo wa maandishi uliotumiwa katika diski hiyo, uitwao NTFS, huweka nakala ya ukurasa wake wa kwanza mwishoni kabisa mwa eneo lake, kwa hadhari ya siku kama hiyo. Kwa programu nyingine iitwayo TestDisk, kijana akaitoa nakala ile ya mwisho na kuirudisha mbele. Mafaili yakajitokeza. Picha za harusi ya binti wa marehemu nyingine zilitoka nusu, nyuso zimekatwa na rangi ya kijivu, na hizo hazikupona. Lakini hesabu zilikuwapo.

Tulisoma majina mpaka jua likapanda. Bibi wa Masaki alikuwamo. Marehemu aliandika kila alipoleta, tarehe na kiasi, mara kumi na saba, na mwisho akaandika: ametimiza, mabati ishirini, hajachukua. Wale watano ambao kijana wetu aliwataja, watatu walikuwamo na wawili hawakuwamo. Na wapo watu saba walioandikwa kuwa na amana zao ambao hawakuwa wamekuja kabisa. Ama hawakusikia habari ya msiba, ama waliona haya kudai kwa wafiwa.

Kisha tukaliona jina letu.

Ndiyo, wasomaji. Mwaka 2016 tulikopa kwake shilingi 150,000 kwa ajili ya ada ya mtoto, tukaahidi kulipa baada ya miezi mitatu. Tulisahau. Yeye hakusahau, ila hakutukumbusha hata siku moja, na katika miaka yote tuliyokula naye futari hakulitia neno hilo mdomoni. Sisi tuliokuja na sura ya msuluhishi, tukiwapima wengine kwa macho nani mkweli na nani mwongo, tulikuwa miongoni mwa wadaiwa. Kijana wa jirani aliona jina, akageuza uso akajifanya anatazama waya. Mwenyezi Mungu amlipe kwa adabu yake.

Tulirudi Kisarawe Ijumaa iliyofuata na karatasi zilizopigwa chapa, na fedha zile katika bahasha. Tuliwaita watoto wa marehemu, tukaanza na deni letu kabla ya kusoma la mtu mwingine. Hapana aliyesema neno. Bibi wa Masaki alipelekewa mabati yake kwa gari siku ya pili yake, masika yakiwa yanakaribia. Hakushangilia. Alisema tu: "Niliwaambia aliandika."

Ndugu wasomaji, katika Suratul Baqara iko aya ya 282, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, nayo yaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Kaka yetu aliitimiza sehemu ya kuandika kwa uaminifu mkubwa. Lakini aliandika mahali pamoja tu, pasipo shahidi, katika chombo ambacho hapana mwingine nyumbani aliyejua kukifungua. Na kwa ajili hiyo bibi mkweli alikaribia kuitwa mwongo mlangoni pake.

Basi twawanasihi hivi. Mwenye hesabu za watu asiziweke katika kompyuta peke yake wala katika daftari peke yake. Kompyuta ina umeme wake na daftari lina mchwa wake. Nakala moja ikae nyumba nyingine, kama sisi tulivyo sasa, moja Kibaha na moja Kisarawe. Diski na flashi zisisahauliwe kabatini miaka mingi, kwani nazo huzeeka. Kila mwaka, tuseme katika Shaabani, zifunguliwe na kutazamwa. Neno la siri la kufungulia lijulikane na mtu mmoja mwaminifu. Anayeweka fedha apewe karatasi yenye sahihi, hata akiwa jirani, hata akiwa ndugu. Na siku chombo kikikataa kuonekana, msiharakishe kusema kimekufa, wala msikubali kila kinachoulizwa na kioo.

Diski yenyewe tunayo hadi leo, imekunjwa katika kitambaa kile kile. Haina tena kazi, lakini tumeshindwa kuitupa.

Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yetu, amsamehe yeye na sisi, na atujaalie kufa hali haki za watu zimeandikwa mahali zinapoonekana. Amin.